Kuangalia Bure

Barua ilianza kwa hongera, na mie nikawa mjinga wa kuifurahia.

"Tuna furaha kukufahamisha kwamba makala yako imekubaliwa." Nilikuwa kwenye chumba tunachogawana wahadhiri wasaidizi watano pale chuoni Chang'ombe, karakana ya ng'ambo ya ukuta inakata mabati, na nikapiga kigelegele ambacho hakuna aliyekisikia. Miaka miwili ya kupima pumzi za wachongaji wa Mwenge, mwaka mzima wa kuandika, mwaka mwingine wa kuwanyenyekea watu nisiowajua. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi wa sita, na chuo kilikwisha kunieleza msimamo wake: bila makala moja kwenye jarida lililomo kwenye orodha yao, mkataba haufanywi upya. Sasa nilikuwa nayo. Nikampigia baba.

"Imekubaliwa," nikamwambia.

"Nani kakubali?"

"Wazungu, baba. Wenye jarida."

"Haya, hongera mama." Akakohoa, nikasubiri amalize. Baba yangu, Albano, anachonga vinyago Mwenge tangu mie sijazaliwa, na kikohozi chake hicho ndicho kilichonipeleka kupima vumbi. "Uje basi utuoneshe," akasema alipopata pumzi.

Ndipo nikasoma ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili ulinitaka nichague. Njia ya kwanza, makala iwe wazi, kila mtu duniani aisome, nami nilipe dola elfu mbili na mia tisa. Njia ya pili, nisilipe kitu, lakini makala ifungwe, na anayetaka kuisoma alipe dola thelathini na tisa, aruhusiwe kuitazama kwa saa arobaini na nane. Niliisoma tena nikidhani Kiingereza kimenipiga chenga, maana mpitiaji wa kwanza wa makala yangu alikwisha kuniandikia kwamba Kiingereza changu kinahitaji kukaguliwa na mzawa wa lugha hiyo. Hapana, nilikuwa nimeelewa vizuri kabisa. Kazi nimefanya mie, kwa nauli yangu. Wachongaji arobaini wametoa mapafu yao bure. Wapitiaji wawili wamesoma bure, na hilo nalijua kwa sababu hata mie nimewahi kuwapitia makala mbili za watu wengine, nikalipwa neno asante. Halafu mwenye mlango ndiye anayetukatia tiketi. Nimehudhuria shughuli nyingi Dar hii, lakini sijawahi kuona mpishi aliyesimama jikoni tangu alfajiri akizuiwa ukumbini aoneshe kadi ndipo ale pilau aliyoipika mwenyewe.

Kulikuwa na fomu ya kuomba msamaha wa ada kwa watafiti wa nchi maskini. Nikaijaza. Jibu lilirudi baada ya dakika nne, kwa hiyo hakuna binadamu aliyelisoma ombi langu: nchi yako imepanda, sasa iko kundi la pili, unastahili punguzo la nusu. Nakumbuka ilipotangazwa kwamba tumeingia uchumi wa kati, jinsi watu walivyopongezana redioni. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna mahali watu wamekaa na orodha, wanangoja tupande ngazi moja ili watuongezee bei. Hiyo nusu yenyewe ni mshahara wangu wa miezi mitatu, bila kula, bila kodi ya chumba na bila dawa za baba.

Nikaenda kwa mkuu wa idara, Dokta Ferdinand, mtu mpole ambaye amekaa ofisini muda mrefu mpaka hashangai tena.

"Bofya ya bure," akasema bila kuinua macho. "Ifungwe. Yustina, sisi tunahesabu makala, hatuulizi kama inasomeka."

"Na wachongaji?"

"Wachongaji nao wanasomaga majarida?" Akacheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi. "Mwisho lini?"

"Ijumaa."

"Basi usilale nayo. Mkataba kwanza, hasira baadaye."

Nilitoka nimefura. Kilichonizuia kubofya ni ahadi.

Siku ya kwanza nilipopeleka mashine ya kupimia pumzi Mwenge, mwenyekiti wa kikundi chao, Mzee Leodegar, aliushika ule mrija wa kupulizia akaugeuza kama anayenunua. Ni mzee mfupi kutoka Newala, mikono mikubwa, mdomo usio na breki. Akaniuliza mbele ya wote, "Tukishapuliza, matokeo na sie tutayaona?"

"Mtayaona, mzee."

"Yote?"

"Yote."

"Nauliza kwa sababu sie hapa," akasema akizungusha mkono kwenye safu za vinyago, "mtu yeyote anaangalia bure. Mzungu, Mchina, mwanafunzi, mlevi. Anashika, anageuza, anauliza bei, anaondoka zake. Njaa tunayo, lakini hatujawahi kumtoza mtu macho."

Wenzake wakacheka, wakapanga foleni, wakapuliza. Walipuliza kila mwezi kwa miaka miwili. Huo wito wa "Karibu, kuangalia bure!" nimekua nao. Niliusikia kabla sijajua kusoma, mgongoni kwa mama, na bado unanikuta nikishuka tu pale kituoni.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi nilipiga chapa makala yangu kwenye stationari, kurasa kumi na nane, nikaenda Mwenge kuwaambia usoni kwamba naifunga. Nilikuwa nimejipangia sababu. Nitawaonesha mara moja, kabla sijabofya, na hiyo itahesabika kuwa wameiona. Nikajiona mstaarabu. Kumbe nilikuwa kama mwizi anayemwonesha mwenye mali mali yake kabla hajaondoka nayo.

Niliwakuta kazini. Tezo zinagonga, msasa unakwaruza, vumbi limetanda mpaka kwenye nyusi. Nikawaamkia, shikamoo mzee, shikamoo baba. Baba alikuwa benchi lake la tatu kutoka mlangoni, anamalizia kinyago cha mama aliyebeba mtungi, cheusi, kinang'aa. Mzee Leodegar akapokea zile karatasi kwa mikono miwili, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akafunua kurasa zote kumi na nane bila haraka, ingawa Kiingereza hasomi.

"Haya msomi wetu. Tafsiri."

Nikawatafsiria ile sehemu ya mwanzo inayobeba kila kitu kwa kifupi. Kwamba kati ya wachongaji arobaini, wenye pumzi fupi zaidi ni wale wanaochonga mpingo. Kwamba vumbi la mpingo ndilo lenye madhara makubwa kuliko la miti mingine. Kwamba tunapendekeza wachongaji waelekezwe kupunguza mpingo, watumie miti laini.

Nilitegemea waseme kitu. Mmoja nyuma alicheka puani, akakatishwa na kikohozi. Baba alikuwa anaitazama patasi yake kama ndiyo kwanza anaiona.

Mzee Leodegar akaweka kidole kwenye jedwali. Namba alikuwa anazijua. "Hapa umeandika benchi. Benchi la tatu, na hili neno ni nini?"

"Ni jina la kitaalamu la mpingo. Mpitiaji aliniambia majina yetu ya miti niyatoe yote, hayana faida."

"Na hii kumi na saba?"

"Ni Mshiriki wa Kumi na Saba. Majina ya watu hayatajwi, mzee. Ni siri."

"Siri ya nani? Benchi la tatu si lile pale kakaa baba yako?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Albano! Mwanao anasema wewe unachonga mpingo."

Baba akapangusa patasi yake.

"Mwambie."

"Leodegar, kuna wateja," baba akasema kwa sauti ya chini. Kweli, kibanda cha pili walisimama wazungu wawili wanageuzageuza sahani za mninga.

Mzee akainuka. Akakichukua kile kinyago cha mama mwenye mtungi kutoka mikononi mwa baba, akaenda nacho kwenye ndoo ya maji wanayotumia kunolea, akakiachia. Kikaelea. Kikazunguka polepole, mtungi juu, tumbo juu. Kisha akachukua kibanzi kutoka benchi lake mwenyewe, kidogo kama kidole gumba, akakitupa ndani. Kikazama moja kwa moja mpaka chini ya ndoo.

"Mpingo huzama," akasema.

Hilo linajulikana na kila mtoto wa mchongaji. Nalijua tangu nina miaka mitano, baba ndiye aliyenifundisha, kwenye beseni la kufulia. Nikasimama pale nikikitazama kinyago kinachoelea na shahada zangu mbili hazikunisaidia kitu.

"Jakaranda," Mzee Leodegar akaendelea, sasa kwa upole. "Inapakwa kiwi ya viatu, na rangi nyeusi ya unga, na thina. Inaachwa ikauke. Inapigwa msasa. Inapakwa tena. Mara nne, mara tano, mpaka mzungu aseme huo ni mpingo. Kibali cha mpingo wenyewe nani anakipata siku hizi? Gogo lake nani analimudu? Wako kumi na mmoja wanaofanya hivyo humu ndani. Mie sisemi ni vibaya, kila mtu na watoto wake. Lakini usiandike uwongo, mwanangu, ukaupeleka kwa Wazungu."

Nilikuwa nimeona makopo ya kiwi maisha yangu yote. Mpingo wa kweli nao hupakwa kidogo ung'ae, kwa hiyo sikuwahi kuuliza. Nikamgeukia baba.

"Miaka miwili, baba! Nimekuachia daftari uandike kila siku unachonga mti gani. Kila siku umeandika mpingo!"

"Daftari lako lilikuwa linakaa juu ya benchi, mama," akasema. "Mteja anasimama hapa hapa. Mie nimwambie mpingo, halafu daftari limwambie jakaranda?"

"Ungeniambia mie!"

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza kila mwezi!"

"Umeniuliza ukiwa umeshika kalamu."

Nilimkasirikia baba siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na nikajikasirikia mie zaidi. Lakini hasira haikukaa hapo muda mrefu, kwa sababu nilianza kukumbuka nilichokiandika mwishoni mwa makala. Wapunguze mpingo, watumie miti laini. Miti laini ndiyo hiyo hiyo jakaranda. Wachonga mpingo wa kweli wangeambiwa waache mti wao, wahamie kwenye kiwi na rangi ya unga, kwenye kitu kile kile kinachomkaba baba yangu, na ushauri huo ungeandikwa kwa Kiingereza safi kilichokaguliwa na mzawa.

Wapitiaji wawili, kwenye miji nisiyoijua, walisoma makala ile kwa miezi minane. Walinirekebisha vituo. Walinitaka nitoe picha za mabenchi na majina ya miti. Kosa hawakuliona, na nisiwalaumu, wangelionaje? Lilionwa na mzee mwenye ndoo ya maji, kwa muda wa kunywa kahawa. Na mzee huyo, makala ikishafungwa Ijumaa, ndiye atakayeambiwa atoe dola thelathini na tisa kama anataka kuangalia.

Nilirudi Chang'ombe nikiwa na ndoo mpya mkononi. Bahati yangu, nilikuwa nimehifadhi vibanzi vya kila benchi kwenye mifuko midogo, nimeiandika namba. Jumatano nikaifungua mifuko yote arobaini mmoja mmoja, nikavitia vibanzi majini, nikavikandamiza kwa kidole vilowe, nikasubiri. Katika mifuko ya walioandika mpingo, vibanzi vya kumi na mmoja vilielea. Nikachukua namba za pumzi nikazipanga upya. Wenye hali mbaya zaidi walikuwa karibu wote kwenye ile kumi na mmoja. Wachonga mpingo wa kweli hawakuwa tofauti sana na wachonga mninga. Namba kumi na saba ilikuwa ya pili kutoka chini.

Mchana ule ule nikawaandikia wenye jarida. Nilieleza kosa bila kujitetea, nikaambatanisha jedwali jipya, nikaomba makala isimamishwe nirekebishe. Jibu lilikuja Alhamisi, limetiwa saini na Timu ya Uzalishaji, hakuna jina la mtu. Hatua ya upitiaji imekamilika, walisema. Tafadhali chagua njia ya kuchapisha kabla ya Ijumaa. Masahihisho yatapokelewa baada ya makala kutoka, nayo yatapatikana kwa wasomaji wenye usajili.

Niliwaka. Yaani uwongo utauzwa nyuma ya mlango, na ukweli utauzwa nyuma ya mlango ule ule! Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Baba yangu akipaka kiwi jakaranda akamuuzia mtalii, ataitwa tapeli, na pengine ndivyo alivyo. Jarida limeambiwa kwa maandishi kwamba mali yake ni feki, na bado linataka kuiuza dola thelathini na tisa kwa saa arobaini na nane, nalo linaitwa la kimataifa. Chuo changu kinalipigia magoti, na orodha yake imebandikwa ukutani kwa fremu ya kioo.

Nikampelekea Dokta Ferdinand jibu lile alisome. Alilisoma kweli, mpaka mwisho, akavua miwani.

"Bofya," akasema. "Masahihisho utapeleka baadaye, wamesema watapokea."

"Na atakayeufuata ule ushauri hapo katikati?"

"Nani atakayeufuata, Yustina? Imefungwa. Hakuna atakayeisoma."

Alikuwa amesema ukweli bila kukusudia, na ukweli wenyewe ulinitisha. Sitadanganya kwamba sikuyumba. Alhamisi yote nilikaa na kile kitufe mbele yangu. Niliwaza kodi ya chumba, niliwaza dawa za baba, niliwaza miaka niliyolala hosteli za Mabibo nikila mihogo asubuhi na jioni ili siku moja niitwe mhadhiri. Nani angejua? Wachongaji wasingeweza kuifungua makala. Wenzangu hapa nchini wasingeweza kuifungua. Kosa langu lingelala humo salama, na kufuli nililokuwa nalilaani wiki nzima ndilo lingenisitiri aibu. Hapo ndipo nilipolichukia kabisa.

Ijumaa saa nne asubuhi niliiondoa makala. Tovuti yao ilinitaka nichague sababu kutoka kwenye orodha: umepata jarida jingine, umebadili mawazo, huwezi kumudu ada. Yangu haikuwemo. Nikachagua "nyingine", nikaandika: "Makala ina kosa. Kosa limegunduliwa na mchongaji ambaye msingemruhusu kuisoma." Likarudi jibu la mashine likinishukuru na kuniomba niipe huduma yao nyota, moja hadi tano.

Kuna jarida dogo la hapa nchini linaloendeshwa na walimu wastaafu kwa kujitolea. Halimtozi mwandishi, halimtozi msomaji, na linapokea ikisiri ya Kiswahili. Nikamwambia Dokta Ferdinand kwamba nitawapelekea hao. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Haliko kwenye orodha. Halihesabiki."

"Linasomeka," nikamwambia.

"Sikatai. Lakini halihesabiki."

Mwezi wa sita nilibeba vitabu vyangu kwenye maboksi mawili nikatoka, na mpaka leo nikipita pale Chang'ombe natazama upande wa pili. Sisemi kwamba sikuumia. Nasema tu kwamba nilijua nitaumia tangu ile Jumamosi, siku moja baada ya kuiondoa makala, nilipokwenda Mwenge na jedwali jipya.

Safari hii nililiandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, kila mti kwa jina lake. Nikalipiga chapa kwenye karatasi kubwa nne, nikazitundika kwenye kamba ya katani kwa vibanio vya nguo, kuanzia nguzo ya mlango mpaka benchi la Mzee Leodegar, na kalamu nikaifungia hapo hapo kwa uzi. Pale penye mti, kwa makusudi, niliacha walichoandika wao kwenye madaftari. Nikawaambia: kila mtu atafute mstari wake, kama ni uwongo aukate, aandike kweli. Sitapeleka popote kabla hamjamaliza.

Walikuja kwa kujivuta. Wa kwanza alikuwa kijana wa Masasi, akakata neno mpingo akaandika jakaranda, akasonya, akarudi kazini. Wa pili akaongeza kwamba yeye hutia na oili chafu, jambo ambalo sikuwa nalijua. Wa tano akabishana na Mzee Leodegar kuhusu saa za msasa, wakapandishiana sauti, wakakubaliana, wakarekebisha mistari yao yote miwili. Mmoja, mchonga mninga, alinifokea kwamba umri wake nimeupunguza. Kufika saa sita mistari ilikuwa imechafuka kwa wino, na jedwali langu halijawahi kuwa safi kama siku ile. Kumi walikuwa wamekata mpingo. Mstari wa kumi na saba ulikuwa bado haujaguswa.

Baba hakuinuka. Alikuwa benchini kwake, amenipa mgongo, na kile kinyago cha mama mwenye mtungi alikuwa amekikausha, amekipaka upya, amekiweka mbele.

Akaja mama mmoja wa kizungu, mtu mzima, kofia pana. Akapita vibanda vyote, akarudi kwa baba, akakiinua kile kinyago kwa mikono miwili. Alikipenda, kila mtu aliona. Akakipapasa mgongo. Akauliza kama ni mpingo.

Tezo zikanyamaza. Baba alimtazama yule mama, akazitazama karatasi zinazopeperuka kwenye kamba, kisha akanitazama mie. Alikuwa hajauza kitu tangu Jumatatu. Nilitamani nigeuke nisione.

"Hapana," akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Si mpingo. Ni jakaranda. Nimeipaka rangi mie."

Yule mama akakitazama tena, akakirudisha taratibu pale pale alipokitoa, akashukuru, akaondoka. Baba akapiga hatua moja nyuma yake, akapaza sauti ile ile niliyoisikia nikiwa mgongoni kwa mama:

"Karibu tena! Kuangalia bure!"

Sauti ikakatikia kwenye kikohozi. Akashika nguzo mpaka kikapita. Halafu akaja kwenye kamba, akaushika ule mstari wa kumi na saba, akakata neno mpingo kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la nne: jakaranda na kiwi, miaka kumi na sita. Hakuiachia kalamu.

"Hii sasa wataiona wote?" akaniuliza. "Hata huko Newala? Hata watu nisiowajua?"

"Wote, baba."

"Bila kulipa?"

"Bila kulipa."

Akaitazama ile namba mwanzoni mwa mstari, akaikata nayo.

"Basi mie si Kumi na Saba," akasema. "Andika Albano."